Tabibu na mashine kwenye meza moja: mwongozo wa kuunda akili mnemba ya kusaidia uchunguzi wa kifua kikuu

Mwaka 2024 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 106 yaliyolinganisha mtu peke yake, mashine peke yake, na wawili hao wakifanya kazi pamoja. Kwa wastani, walipokuwa pamoja walifanya vibaya kuliko yule aliyekuwa bora kati yao. Hasara ilionekana hasa kwenye kazi za kuamua. Faida ilionekana pale ambapo mtu alikuwa bora kuliko mashine tangu mwanzo, na kwenye kazi za kutunga.

Kwa hiyo kumpa tabibu kompyuta yenye akili mnemba hakuleti ushirikiano kwa kwenyewe. Ushirikiano unaundwa: nani anatazama kwanza, mashine inyamaze lini, mtu anaikataaje, na nani anakuja kujua baadaye kwamba wote wawili walikosea. Mwongozo huu unapita hatua hizo kwa mfano mmoja, yaani programu inayosoma picha za eksirei ya kifua ili kuchagua nani apimwe makohozi. Tumeuchagua kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilishaipendekeza teknolojia hiyo Machi 2021 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na kwa sababu vituo vyetu vingi vina mashine ya eksirei lakini havina daktari bingwa wa kuisoma. Timu inayounda kisaidizi cha afisa mikopo au cha bwana shamba inaweza kufuata hatua zilezile.

Hatua ya 1: Ifuate njia ya mgonjwa kabla ya kuandika programu

Kaeni kituoni siku mbili nzima, moja ikiwa ya kliniki yenye watu wengi. Mfuateni mgonjwa kutoka mapokezi, maswali ya dalili (kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito), chumba cha eksirei, kusomwa kwa picha, kikopo cha makohozi, maabara, majibu, mpaka jina linapoingia kwenye rejista ya matibabu. Kwa kila mahali panapofanyika uamuzi, andikeni mambo matano: nani anaamua, anatazama nini, ana dakika ngapi, akikosea nani anaumia, na kosa hilo linagunduliwa wapi.

Mara nyingi mtakuta kikwazo hakiko kwenye kusoma picha. Kiko kwenye sampuli zinazosubiri pikipiki ya kuzipeleka wilayani, au majibu yanayotoka mgonjwa akiwa ameshaondoka na namba ya simu haikuandikwa vizuri. Mashine inayosoma picha kwa sekunde 30 haitibu tatizo hilo. Itarundika vikopo vingi zaidi mahali palepale palipokwama. Ikiwa ndivyo, rekebisheni usafirishaji wa sampuli kwanza, mrudi kwenye akili mnemba baadaye. Timu nyingi huruka hatua hii kwa sababu fedha za mradi zimeshatolewa kwa jina la teknolojia.

Hatua ya 2: Gaweni kazi kwa kufuata kila upande unaona nini

Mashine huitazama picha tu. Picha ileile huipa alama ileile, iwe saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, na haichoki baada ya picha ya sitini. Tabibu anajua mambo yasiyo kwenye picha: mgonjwa huyu alitibiwa kifua kikuu miaka mitatu iliyopita na ana kovu, yule anaishi na mtu aliyegunduliwa mwezi jana, huyu ana virusi vya UKIMWI na picha yake inaweza kuonekana safi hali ni mgonjwa, yule mama ni mjamzito na swali la kwanza ni kama apigwe eksirei hata kidogo.

Kutokana na hapo, chagueni mpangilio mmoja kati ya mitatu.

Wa kwanza, mashine inachuja na mtu anamalizia. Unafaa pale ambapo hakuna kabisa mtu aliyefunzwa kusoma picha.

Wa pili, tabibu anasoma na kuandika maoni yake, kisha ndipo alama ya mashine inafunguka. Huu tunaupendelea popote alipo tabibu aliyepata mafunzo ya kusoma picha za kifua, na sababu inajulikana. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2023, wasomaji 27 wa picha za matiti walionyeshwa mapendekezo waliyoambiwa yametoka kwa akili mnemba, baadhi yakiwa yamekosewa kwa makusudi. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wenye uzoefu mdogo walipatia takriban 80% ya picha. Lilipokuwa na kosa, walipatia takriban 20% tu. Hata wenye uzoefu mkubwa walishuka kutoka takriban 82% hadi 45%. Jicho likishaambiwa cha kuona, hukiona.

Wa tatu ni kugawa kwa alama. Sweden, katika jaribio la uchunguzi wa saratani ya matiti lililohusisha wanawake zaidi ya 80,000, mashine ilitoa alama 1 hadi 10. Picha zenye alama 1 hadi 9 zilisomwa na daktari mmoja, zenye alama 10 zikasomwa na wawili. Mzigo wa kusoma ulipungua kwa 44%, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Tazameni vizuri walichofanya: hakuna picha iliyoachwa bila jicho la mtu. Mashine iliamua tu macho mengi yaelekezwe wapi.

Mipaka ya mashine iandikwe ndani ya programu yenyewe, isiishie kwenye kitabu cha maelekezo. Mtoto wa miaka 9 asipate alama yenye onyo pembeni. Asipate alama kabisa. Onyo likitokea mara ishirini kwa siku, siku ya tatu hakuna anayelisoma.

Hatua ya 3: Pangeni kizingiti kwa uwezo wa maabara yenu

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Programu hizi hutoa alama, nyingine kati ya 0 na 100, nyingine kati ya 0 na 1. Alama hiyo si asilimia ya uwezekano wa ugonjwa. Mtu mwenye 60 hana "uwezekano wa 60%" wa kuwa na kifua kikuu, na 60 ya programu moja si 60 ya programu nyingine. Nyinyi ndio mnaochagua kizingiti, yaani alama ambayo mtu akiifikia anapelekwa kutoa makohozi. Ukikishusha unawakamata wagonjwa wengi zaidi, na wasio wagonjwa wengi zaidi wanapimwa bure. Ukikipandisha, kinyume chake.

Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha kuchuja kikamate angalau 90% ya wagonjwa na kiwaache huru angalau 70% ya wasio wagonjwa. Chukueni hesabu ya mfano: watu 1,000 wenye dalili, 50 kati yao wanaumwa kweli.

Kizingiti cha kati (90% na 70%): wagonjwa 45 wanakamatwa, 5 wanapita. Wasio wagonjwa 285 nao wanapelekwa maabara. Jumla ya vipimo ni 330.

Kizingiti cha chini (tuseme 96% na 50%): wagonjwa 48 wanakamatwa, 2 wanapita. Vipimo ni 523.

Kizingiti cha juu (tuseme 80% na 86%): wagonjwa 40 wanakamatwa, 10 wanapita. Vipimo ni 173.

Sasa nendeni maabara. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, ikiwa na nafasi nne na ikitumia katriji (vikasha vya kipimo kimoja kimoja) za aina ya Ultra, huchukua hadi dakika 80 kwa kipimo. Ukiweka muda wa kuandaa sampuli na kupakia, hesabu mizunguko minne kwa saa nane za kazi, yaani vipimo 16 kwa siku. Kituo kinachopokea watu 35 wenye dalili kwa siku kitahitaji takriban vipimo 12 kwa kizingiti cha kati na 18 kwa kizingiti cha chini. Kumi na nane haviingii. Vikopo viwili vinavyobaki leo vinakuwa kumi Ijumaa, makohozi yanaharibika, na wagonjwa mliowakamata kwa ustadi mnawapoteza kwa kuwacheleweshea majibu.

Kwa hiyo kwa kituo hiki chagueni kizingiti cha kati, kisha gaweni nafasi nne zinazobaki kwa makusudi. Mbili ni za tabibu: mgonjwa ambaye mashine imempa alama ya chini lakini tabibu hakuridhika naye. Moja ni ya ukaguzi, tutakaoueleza kwenye hatua ya 8. Moja ni ya vipimo vinavyorudiwa kwa hitilafu. Nafasi mbili za tabibu ndizo zinazoweza kuwaokoa baadhi ya wale 5 waliopita, kwa sababu tabibu anaona yasiyo kwenye picha. Zisipotengwa mapema, mashine itazijaza zote, na tabibu atabaki na haki ya kuamua isiyokuwa na katriji.

Msinakili kizingiti kutoka kituo kingine wala kutoka kwa muuzaji. Wazee na waliowahi kutibiwa kifua kikuu hupata alama za juu hata wakiwa wazima, kutokana na makovu. Kituo cha mgodini, gereza na kliniki ya mjini havifanani. Pimeni kwa watu wenu: kusanyeni watu mia kadhaa wanaopigwa picha na kupimwa makohozi wote, bila kujali alama, ndipo mchague.

Hatua ya 4: Andikeni kinachosemwa kwenye skrini neno kwa neno

Neno linalotokea kwenye skrini ndilo tabibu atakalomwambia mgonjwa. Skrini ikisema "TB: NDIYO", mgonjwa ataambiwa ana kifua kikuu kabla ya makohozi kupimwa, na wengi watakaoambiwa hivyo hawatakuwa nacho. Katika hesabu yetu, 285 kati ya 330 hawaumwi. Andikeni kitendo kinachofuata, msiandike jina la ugonjwa.

Tunapendekeza hali tatu tu:

"Achukuliwe makohozi leo. Kuna mabadiliko upande wa juu wa pafu la kulia."

"Picha haionyeshi mabadiliko ya kutosha. Ukiwa na shaka kwa dalili au historia, chukua makohozi."

"Siwezi kuisoma picha hii. Sababu: mapafu hayakuingia yote. Rudia picha au soma mwenyewe."

Hali ya tatu ndiyo inayosahaulika sana, na ndiyo inayojenga imani kuliko zote. Mashine isiyoweza kusema "siwezi" hulazimika kubahatisha, na mtumiaji hana njia ya kutofautisha kubahatisha huko na ujuzi.

Alama yenyewe iwekwe kwa herufi ndogo, au ifichwe nyuma ya kitufe. Ramani ya rangi inayoonyesha mashine ilitazama wapi isaidie kuangalia, lakini msiiuze kama maelezo ya sababu. Inaonyesha mahali tu, haisemi kwa nini. Rangi ziambatane na maneno siku zote, kwa kuwa wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwa kuwa printa ya kituo ni ya nyeusi na nyeupe.

Zipo programu za kliniki ambazo zimetumia rangi za taa za barabarani kwa ufanisi. Nairobi, kwenye kliniki 15 za Penda Health, kisaidizi kilichojengwa juu ya modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayosoma na kuandika maandishi, kilisoma maandishi ya tabibu kwa nyuma na kuonyesha kijani pale pasipo na shaka, njano kwa ushauri ambao tabibu anaweza kuutazama akitaka, na nyekundu kwa jambo la usalama ambalo lazima alitazame kabla ya kuendelea. Utafiti uliochapishwa 2025 juu ya ziara 39,849 uliripoti makosa ya utambuzi wa ugonjwa pungufu kwa 16% na makosa ya matibabu pungufu kwa 13% kwa matabibu waliokuwa na kisaidizi hicho. La kuiga hapo ni kwamba tabibu hakulazimika kuacha kazi yake kwenda kuuliza mashine, na mashine haikumkatiza mpaka iwe na sababu.

Hatua ya 5: Kuikataa mashine kuwe na gharama inayofaa

Mtu akiona kuikataa mashine ni usumbufu, ataikubali. Mkimtaka aandike aya nzima ya kujieleza kila anapopinga, ndani ya wiki mbili mtakuwa na makubaliano ya karibu 100% na mtadhani programu imefaulu.

Lakini makosa mawili hayana uzito sawa, kwa hiyo na vizuizi visiwe sawa. Tabibu akitaka kupima mtu ambaye mashine imempitisha, abonyeze mara moja, basi. Hapo tunaweza kupoteza katriji moja. Akitaka kumwachia mtu ambaye mashine imempa alama ya juu, achague sababu moja kati ya nne: kovu la matibabu ya zamani, ameshapimwa siku za karibuni, picha ni ya mtu mwingine, nyingine. Hapo tunaweza kumrudisha nyumbani mtu anayewaambukiza watoto wake.

Kila kutokubaliana kuhifadhiwe: picha, alama, uamuzi wa tabibu, matokeo ya makohozi. Hilo ndilo daftari lenye thamani kuliko data zote mtakazokusanya, kwa sababu linaonyesha upande gani ulikuwa sahihi na lini. Lisipelekwe kwa mganga mkuu kama orodha ya wanaokaidi. Likitumika mara moja tu kumkaripia mtu, hakuna atakayeipinga mashine tena, na mtakuwa mmelipia tabibu wa kubonyeza kitufe.

Hatua ya 6: Tengenezeni njia ya siku mbaya

Watafiti wa Google walipopeleka Thailand programu ya kusoma picha za macho za wagonjwa wa kisukari, ilikuwa imefanya vizuri sana maabara. Katika ripoti yao ya 2020, kati ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo, 21% zilikataliwa kwa kukosa ubora, nyingi kwa kuwa vyumba vya kliniki havikuwa na giza la kutosha. Intaneti ya polepole nayo ilifanya foleni iwe ndefu. Wauguzi walilazimika kuwaambia waende hospitali nyingine hata watu ambao picha zao wauguzi wenyewe waliziona ni nzuri.

Kwa eksirei, mtaalamu wa mionzi awe na orodha fupi iliyobandikwa ukutani: mkufu na hereni zimetoka, nywele zilizosukwa zimefungwa juu ili zisianguke mabegani, mgonjwa amevuta pumzi na kuishikilia, ncha za juu za mapafu na pembe za chini zimeingia, mitulinga iko sawa pande zote mbili. Msuko unaoangukia juu ya pafu huweza kuonekana kama ugonjwa. Programu ikague ubora papo hapo, mgonjwa akiwa bado amesimama mbele ya mashine. Kumwita tena kutoka kituo cha daladala haiwezekani.

Programu iendeshwe kwenye kompyuta mpakato ya kituo, yenye betri, bila kutegemea intaneti. Data zipande kwenye seva usiku. Jibu lisipotoka ndani ya dakika moja, skrini imruhusu tabibu aendelee mwenyewe, na fomu ya karatasi iwepo yenye nafasi zilezile za skrini ili kuingiza baadaye kusiwe kazi mpya.

Kosa baya kuliko yote halihusu akili ya mashine hata kidogo. Ni picha ya mgonjwa mmoja kuingia kwenye jina la mwingine. Majina yanayofanana ni mengi, na foleni ikiwa ndefu mtu huitika jina lisilo lake kwa hofu ya kupitwa. Mashine itaisoma picha hiyo kwa usahihi kamili na kumpa jibu mtu asiyehusika. Tumieni stika yenye namba ya rejista inayoskaniwa, wekeni umri na jinsia pembeni mwa picha, na mtaalamu wa mionzi amwambie mgonjwa ataje jina lake mwenyewe badala ya kumsomea.

Hatua ya 7: Wafunzeni watu makosa ya mashine kwanza

Mafunzo ya kawaida huonyesha programu ikipatia, na watu hutoka wakiamini inapatia siku zote. Geuzeni utaratibu. Nusu siku inatosha. Andaeni picha 20 zenye majibu yanayojulikana: 10 mashine ilipatia, 5 iliona ugonjwa usiokuwepo (makovu, moyo uliopanuka, msuko wa nywele), 5 iliukosa. Kila mmoja asome, aandike jibu, kisha aone alama. Zungumzeni juu ya zile 10 za makosa mpaka watu waweze kusema wenyewe mashine hii hukosea kwa watu wa namna gani.

Ujuzi usiotumika hupungua, na hili limeshapimwa. Nchini Poland, madaktari waliozoea akili mnemba kwenye uchunguzi wa utumbo mpana walipofanya kazi bila mashine walipata vivimbe kwa 22.4% ya wagonjwa, wakati kabla ya mashine kuletwa kiwango kilikuwa 28.4%. Matokeo hayo yalichapishwa 2025. Kituo kitakachotumia mpangilio wa kwanza kwenye hatua ya 2 kiweke kikao kimoja kwa wiki ambacho tabibu anasoma picha kumi bila kuona alama, kisha analinganisha. Umeme ukikatika siku nzima, huo ndio ujuzi mtakaobaki nao.

Hatua ya 8: Jaribuni kimya, kisha pimeni timu

Wiki nne za kwanza programu isome kila picha bila mtu yeyote kuona alama. Kazi iendelee kama zamani. Mwisho wa wiki hizo mtajua picha ngapi haziwezi kusomwa, alama zimetawanyikaje, na kizingiti chenu kingezaa vipimo vingapi. Ndipo muwashe kituo kimoja, na wiki nne baadaye vingine.

Msipime mashine peke yake. Pimeni mambo haya: kati ya waliotakiwa kutoa makohozi, wangapi walitoa siku hiyohiyo, wangapi walipata majibu, siku ngapi zilipita mpaka dozi ya kwanza, tabibu alipinga mara ngapi na alikuwa sahihi mara ngapi. Gaweni kila kipimo kwa umri, jinsia, hali ya VVU na historia ya kifua kikuu. Wastani wa wote unaweza kuwa mzuri huku wazee wakipelekwa maabara bure karibu wote.

Angalieni pia muda. Tabibu anayekubali kila pendekezo ndani ya sekunde mbili hasomi picha tena. Msimlaumu, huenda ana watu themanini nje. Lakini mjue kwamba hapo mna mashine peke yake, na kizingiti chenu kilihesabiwa kwa kudhani mpo wawili.

Kisha kuna wale walioachwa. Mkipima tu wenye alama za juu, kila mgonjwa mtakayempata atakuwa na alama ya juu, na mashine itaonekana haikosi mtu. Ndiyo sababu ya ile nafasi moja ya ukaguzi: kila siku chagueni kwa bahati nasibu mtu mmoja aliyepitishwa, apimwe makohozi kwa ridhaa yake. Kwa kituo cha mfano wetu hiyo ni sawa na mmoja kati ya kila 23 hivi. Msitarajie majibu ya haraka. Kati ya watu 670 wanaopitishwa katika kila 1,000, wagonjwa ni 5 tu, kwa hiyo ukaguzi wa namna hii utampata mmoja kwa wastani katika kila watu 4,700 hivi, yaani takriban miezi sita ya kazi ya kituo kimoja. Unganisheni takwimu za vituo kadhaa vinavyotumia toleo moja na kizingiti kimoja.

Hatua ya 9: Ridhaa na sheria

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinampa mtu haki mbele ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jisajilini kwenye tume au ofisi husika kabla ya kuanza, andikeni picha zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na msipeleke nje ya nchi picha zenye majina. Mgonjwa aambiwe kwa sentensi anayoielewa: "Kompyuta inatusaidia kuangalia picha yako. Tabibu ndiye anayeamua. Ukitaka isomwe na tabibu tu, sema." Sentensi hiyo iwe ya kweli. Kama hakuna tabibu anayetazama, msiitumie.

Hatua ya 10: Toleo jipya likija

Muuzaji anaposasisha programu, alama hubadilika. Kizingiti cha 50 kilichokuwa kinazaa vipimo 12 kwa siku kinaweza kuzaa 20 au 6 bila mtu kuelewa kwa nini, na kituo kikadhani ugonjwa umepanda au umeshuka. Zimeni usasishaji wa kujiendesha. Kwenye mkataba andikeni kwamba toleo la zamani litaendelea kupatikana kwa angalau miezi sita.

Hifadhini picha 300 za kituo chenu zenye matokeo ya makohozi, na humo wawemo wazee, watu wenye VVU na waliowahi kutibiwa. Toleo jipya lipitishwe kwenye picha hizo kwanza. Linganisheni na la zamani, chagueni kizingiti kipya, rudieni sehemu ya mafunzo inayohusu makosa, kwa sababu makosa nayo yatakuwa yamehama. Ubaoni maabara pawe na namba ya toleo, kizingiti kinachotumika, tarehe kilipowekwa, na jina la mtu mmoja aliyepo kituoni mwenye ruhusa ya kuizima programu bila kupiga simu wilayani.